Chungu cha Ningu

"Usimhesabu arukaye, mhesabu asiyerudi." Jana kwenye mkutano wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mlimsikia mama Nyanjige akimtupia mwenyekiti maneno hayo, nanyi mkaangua kicheko mkidhani anatania. Leo mmekuja kuniuliza maana yake. Afadhali, kwani kucheka usichokijua ni aibu ndogo, kukaa nacho bila kuuliza ndiyo aibu kubwa. Kaeni, na wewe simu iingie mfukoni. Msidhani methali hii ilitungwa na mtu aliyeshiba akitafuta maneno matamu. Ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa anatetemeka, na chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo watu wa mto Nyabesi waliishi kwa samaki aitwaye ningu. Masika yakianza, ningu hutoka ziwani na mayai tumboni, wakaupanda mto kwenda kutaga mabondeni huko juu. Ukiwakamata wote njiani, umekula mpaka mbegu. Watu wa Nyabesi walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kutega mgono, ule mtego wa kufumwa, mtoni kabla Mwenye Chungu hajasema.

Mwenye Chungu alikuwa na jiwe lake la kukalia, chini ya maporomoko mafupi yaliyoitwa Mlango. Ningu hapiti pale bila kuruka. Kila akimwona mmoja karuka, alitia kijiwe chunguni. Chungu kikijaa, wazee walijua kwamba waliopita wanatosha kuzaa samaki wa miaka ijayo. Hapo mto ulifunguliwa, na waliochelewa nyuma wakawa halali ya watu. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za mababu, na ningu hawakuwahi kukosekana.

Mwaka ninaousimulia, kazi hiyo ilikuwa ya mjane mmoja aitwaye Nyangeta. Aliirithi kwa mama mkwe wake, na urithi wenyewe ulikuwa wa kutisha. Mwaka mmoja wa njaa yule bibi alikataa kusema chungu kimejaa, kwa sababu hakikuwa kimejaa. Watu wakasema ameufunga mto kwa dawa. Wakaichoma nyumba yake, naye akakimbilia kwao, akafia huko. Nyangeta, wakati huo bibi harusi, ndiye aliyekiokoa chungu ndani ya nyumba inayowaka. Alipokabidhiwa chungu hicho baadaye alikipokea kwa mikono miwili, huku moyo wake ukimwambia asikipokee.

Basi mwaka huo mvua zilikuwa za kudondoka tu, si za kunyesha. Mtama ulikauka ungali mchanga. Watu walichimba mizizi porini, na nywele za watoto zikaanza kugeuka rangi. Kiongozi wa wavuvi alikuwa Bwire, ndugu wa baba mmoja na marehemu mume wa Nyangeta, mtu mwenye sauti nzito na subira fupi. Mwanawe kitinda mimba, Mugeta, alikuwa hawezi tena kusimama. Kila jioni Bwire alipita kwa Nyangeta na swali lile lile.

"Shemeji, chungu kimefika wapi?"

Hakuwahi kumtisha. Lakini Nyangeta kila alipolisikia swali hilo, alitazama paa la nyumba yake.

Ajabu ni kwamba chungu kilijaa upesi kuliko mwaka wowote. Mto ulikuwa mwembamba, ila pale Mlangoni ningu waliruka kutwa nzima. Habari zikaenea, migono ikafumwa, wanawake wakatengeneza vichanja vya kukaushia samaki. Bwire akaitisha mkutano wa kufungua mto. Nyangeta naye alifurahi, tena sana, maana mwaka ule hakuna ambaye angemwita mchawi.

Siku moja kabla ya mkutano aliruka ningu mmoja aliyenyofolewa nusu ya mkia, pengine na fisi maji. Nyangeta akatia kijiwe. Hakukaa sana, akaruka ningu mwenye nusu mkia. Akatia kijiwe kingine, akijiambia kwamba fisi maji ni wengi. Yule nusu mkia aliporuka tena, mkono wa Nyangeta ulibaki hewani na kijiwe chake.

Mwenye Chungu hakuwa na desturi ya kuupanda mwamba. Kwa nini apande? Maji yakiwa mengi, aliyeruka amepita. Siku hiyo Nyangeta alipanda. Kule juu alikuta maji yamesambaa juu ya jiwe kama mchuzi uliobaki kwenye sahani. Ningu waliruka, wakalipiga jiwe kwa tumbo, wakateleza nyuma ya povu na kurudi dimbwini walikotoka. Aliyeketi chini hakuweza kuwaona wakirudi. Akafuata mto mpaka kwenye madimbwi ya juu, akachungulia moja baada ya jingine. Hakukuwa na samaki, wala ndege anayewinda samaki. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye tope.

Alielewa kila kitu. Ningu wote wa mwaka ule walikuwa mle dimbwini chini ya Mlango, wachache, na chungu chake kilijaa kwa kuwahesabu samaki wale wale. Migono ikiingia kesho, watu watashiba siku mbili tatu, na mto utakuwa umekwisha. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, watakumbuka mama mkwe wake. Na mimi nawaambia, siku hiyo Nyangeta aliomba afe kabla ya asubuhi, asilazimike kuchagua.

Asubuhi ikafika naye yu hai. Mkutanoni watu walibishana kidogo tu. Mzee Masatu, mkubwa wa ukoo, aliuliza kama si vizuri kungojea mvua nyingine. Wanawake wakamjibu kwamba mtoto mwenye njaa haambiwi habari za mvua. Bwire akakinyanyua chungu juu, kila mtu akaona kimejaa.

"Desturi imetimia," akasema. "Shemeji, sema neno lako twende."

Nyangeta alisimama. Akakichukua chungu mikononi mwa Bwire, akakipindua, na vijiwe vikamwagika miguuni pa wazee.

"Nimewadanganya bila kujua," akasema. "Nilimhesabu arukaye. Sikumhesabu asiyerudi. Huko juu hakuna hata ningu mmoja."

Bwire akamsogelea.

"Mama mkwe wako naye alianza hivi hivi."

"Najua. Nilikuwepo. Shemeji, mimi nawaogopa ninyi nyote, na wewe nakuogopa zaidi. Lakini twendeni Mlangoni mkajionee. Ikiwa nasema uongo, nyumba yangu mnaifahamu."

Wakaenda wote. Nyangeta aliingia dimbwini na kikapu, akawachota ningu kadhaa. Akachomoa nyuzi kwenye pindo la shuka lake jeupe, akamfunga kila mmoja uzi mkiani, akawarudisha majini. Watu wakaketi kwenye mawe yote, kila jicho likitazama povu.

Akaruka mwenye uzi. "Huyo kapita," akasema mtu. Akaruka mwingine mwenye uzi, kisha mwingine. Baadaye wakaona kwamba nyuzi zile zile chache zilikuwa zikiruka na kurudi, zikiruka na kurudi. Mzee Masatu alishika mdomo. Wanawake waliokuwa wakidai mto ufunguliwe walivuta watoto wao karibu. Hofu iliyokuwa ya mtu mmoja sasa ilikuwa ya kijiji kizima, maana kila mtu aliona alivyokaribia kuwala watoto wa wajukuu wake.

Bwire akaingia majini. Akamkamata ningu jike, mkubwa, tumbo limejaa mayai, akasimama naye kifuani. Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia, na kila mtu alijua Mugeta amelala vipi nyumbani? Nyangeta alifumba macho, maana akimla huyo mmoja, na wengine watadai wao.

Alipoyafumbua, Bwire alikuwa anaupanda mwamba na samaki yule mikononi, akiteleza na kushikilia mawe kwa viwiko. Akaenda mpaka kwenye dimbwi la juu lenye kina, akapiga magoti, akamwachia. Akarudi maji yakimchuruzika.

"Shemeji," akasema, "huyo je?"

"Huyo harudi."

"Basi mhesabu."

Nyangeta alitia kijiwe kwenye chungu kitupu, na wote wakakisikia kikigonga. Kisha watu wenye njaa wakashuka majini, wakawabeba samaki wakiwapitisha mbele ya midomo yao wenyewe, mpaka dimbwi la chini likaisha samaki. Kwa siku nyingi walikula mizizi, na wengine hawakuiona mvua iliyofuata. Mugeta alikuwa mmoja wao. Bwire alimzika, na kesho yake akaenda Mlangoni kuangalia kama kuna ningu aliyekwama.

Miaka ilipita, mto ukajaa ningu tena. Ilikubaliwa kwamba Mwenye Chungu akae juu ya mwamba, si chini, na Bwire akawa anakwenda kuketi huko na shemeji yake hadi uzeeni. Vijana waliozaliwa baada ya njaa wakiona samaki wanavyoruka, walishangilia na kusema mwaka huu wamepita wengi, chungu kijazwe tu. Aliyewajibu ni Bwire, bila kupandisha sauti na bila kuwatazama: "Usimhesabu arukaye, mhesabu asiyerudi."