Skeli ya Mwalimu Ambilikile

Ndugu zangu, alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati kule Tukuyu, akiitwa Ambilikile. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee, Tusekile, alikuwa ameolewa Mtwara. Mzee akabaki na simu tu. Akisikia harufu ya wali ulioungua kwa jirani, anamkumbuka bintiye, maana Tusekile alikuwa bingwa wa kuunguza wali.

Ikamwingia akilini kwamba anayepiga simu ni yeye tu. Sasa mtu wa hesabu halalamiki hivi hivi. Akachukua karatasi ya grafu, akachora simu za mwaka mzima mwezi kwa mwezi, bila kujumlisha: zake akazipanga kwenye mstari wa chini, za binti kwenye mstari wa kupanda. Mchoro ukatoka umelala chali, kana kwamba binti hapigi kabisa. Akampigia.

“Nimepima, mwanangu. Hunijali. Usijisumbue tena.”

Tusekile akasema, “Haya, baba.” Na kweli hakupiga tena.

Mnadhani mzee alipata raha? Mwaka na nusu, simu ikilia kwa jirani, anayeshtuka ni yeye.

Siku moja mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, akaja kumjulia hali, akaiona ile karatasi ukutani.

“Mwalimu, mbona huku chini mraba mmoja ni simu moja, na huku juu mraba mmoja ni simu tano?”

“Nilitaka ienee kwenye karatasi.”

“Si wewe uliyetufundisha kwamba ukilinganisha vitu viwili, skeli iwe moja?”

Mzee akachora upya. Safari hii mstari ukapanda. Zake ishirini. Za binti ishirini na tano.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Tusekile kulikuwa na mtoto analia.

“Mtoto wa nani huyo?”

“Mjukuu wako, baba. Mwezi uliopita ameanza kutembea. Siku ile uliponikataza kupiga, nilikuwa nimejiandaa kukuambia nina ujauzito.”

Wapendwa, na sisi je? Wema wetu tunauhesabu mmoja mmoja. Wa wenzetu tunaubana, mema matano tunayafanya moja. Halafu tunakaa tunalia upweke, tunamuuliza Mungu kwa nini hatupendwi!

Kama yuko mtu uliyemhukumu hivyo, usisubiri nimalize ibada. Mlango uko wazi. Toka nje umpigie.