Chakula cha Tajiri

Mwanamkasi, mwandishi wa gazeti anayeonja na kuhakiki vyakula vya mikahawa, alikuwa kwenye meza ya dirishani akihangaika na biriani iliyopoa, Shekalaghe mwenye mkahawa akamsimamia.

"Kesho uisifu. Gazeti lenu linaishi kwa matangazo yangu. Ukiiponda, kazi huna."

"Nitasifu, tajiri. Ila wasomaji wangu wabishi. Niseme na wewe unakula hapahapa?"

"Kila mchana!"

"Basi niletewe hichohicho unachokula wewe, nisifu kwa moyo."

Shekalaghe akajitutumua mbele ya wateja, akamwita mhudumu. "Mletee huyu chakula ninachokula mimi!"

Mhudumu akaitika, akachukua hotipoti, akavuka barabara hadi kwa mama ntilie.

Mwanamkasi akamsukumia Shekalaghe ile biriani.

"Karibu, tajiri. Mimi nasubiri changu."