Ulimi wa Mzee Ambokile

"Ulimi wa kuazima hurudi kwao." Mmeisikia leo asubuhi kwa Mama Tabu, na nyote watatu mkageuka kumtazama kana kwamba amewatusi. Hakuwatusi. Alikuwa anasuuza vikombe, akamsikia Lusajo akininong'oneza, akasema lake, akaendelea kusuuza. Ndivyo alivyo. Sasa mnaniuliza msemo huo umetoka wapi, maana hamjauona katika kitabu chochote cha methali. Hamtauona. Ulizaliwa humu humu, katika chumba hiki cha kuonjea chai, mwaka ambao mimi nilikuwa mwanafunzi kama ninyi. Vuteni viti. Mvua hii haina haraka, na mimi pia sina.

Nilikuja kiwandani hapa nikiwa nimemaliza mwaka wa pili wa chuo cha kilimo. Utaratibu ulikuwa huu huu wenu: mwaka mmoja kazini, msimamizi akuandikie taarifa, kisha urudi darasani kumalizia. Nilikuwa na daftari jipya la mafunzo, koti la dada yangu, na kiburi cha mtu aliyesoma kemia ya chai bila kuwahi kuliona jani likikauka. Nilipangiwa kwa Mzee Ambokile Mwasumbi, mwonjaji mkuu.

Mzee Ambokile hakuwa mtu wa mchezo. Chai haikutoka kiwandani hapa bila neno lake. Alikuwa akifyonza chai kutoka kwenye kijiko kwa mlio uliosikika hadi kule nje wakulima walikopimia majani yao. Anaizungusha mdomoni, anatema kwenye beseni, kisha anatoa hukumu. "Imechangamka." "Imepooza." "Hii majani yalinyauka kupita kiasi, kaulizeni waliokuwa zamu." Wakienda kuuliza, wanakuta ndivyo. Vijijini akina mama walikuwa wakiwaambia watoto waongo, "Ngoja nikupeleke kwa Ambokile akuonje."

Na chumba kilikuwa na desturi yake. Mkubwa huonja kwanza na kusema. Mwanafunzi husimama nyuma yake na daftari, akiandika anachosikia. Akishamaliza mkubwa, mwanafunzi anaruhusiwa kuonja, lakini hasemi kitu. Mbele ya mkubwa, mdogo alikuwa na masikio tu.

Mwezi wangu wa pili, siku moja asubuhi, meza ilikuwa na vikombe kumi na viwili. Mzee alifika kikombe cha saba, akafyonza, akatema, akatamka kwa sauti yake nzito, "Safi. Imechangamka." Nikaandika. Alipomaliza vyote nikapita nyuma yake na kijiko changu. Kile cha saba kilikuwa kinanuka mafuta ya taa. Si kidogo, watoto wangu. Kopo la sampuli lilikuwa limewekwa karibu na taa iliyovuja, na ile chai ungeweza kuiwasha moto. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka. Nilipoinua uso nikamwona Mzee Ambokile ananitazama, na katika macho yale hapakuwa na ukali. Kulikuwa na hofu.

Hakusema kitu mbele za watu. Alasiri alinikuta kwenye kibaraza cha nyuma ninapanga makopo ya sampuli.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana siku hiyo.

"Ndaga, Tata," nikaitikia, kama binti anavyomwitikia baba.

"Kikombe cha saba kilikuwa na nini?"

Nikaona aibu kumjibu. Akauliza tena, taratibu, nikasema, "Mafuta ya taa."

Akakaa juu ya kreti tupu. Akaniambia kwamba homa ya mwaka uliopita ilimlaza wiki tatu, na alipoamka pua na ulimi vilikuwa vimekufa. Hasikii chumvi wala pilipili. Tangu hapo alikuwa akihukumu chai kwa rangi yake kikombeni, kwa kuyasugua majani kiganjani, na kwa mazoea ya miaka thelathini. Mkewe tu ndiye aliyejua.

"Imenibakia miaka miwili nistaafu," akasema. "Mimi ndiye mzawa wa kwanza kukabidhiwa kijiko katika kiwanda hiki. Sitaki nitoke kwa mlango wa nyuma. Nisitiri, mwanangu."

Mtu wa umri wa baba yangu ananiambia nimsitiri. Ningesema nini? Nilikubali kabla hajamaliza. Na kwa kuwa leo nasema kweli, niseme yote: nilijua pia kwamba yeye ndiye atakayeandika taarifa yangu.

Kesho yake Mzee akatangaza desturi mpya. Mwanafunzi aonje kwanza, asije akaiga maneno ya mkubwa. Meneja, Bwana Mhagama, alimsifu mbele ya wafanyakazi wote kwa moyo wa ualimu. Mimi nikawa naonja mbele yake bila kusema neno. Nikishika kalamu mkononi, chai ni nzuri. Nikiilaza juu ya daftari, imepooza. Nikiichomeka nyuma ya sikio, ina kasoro, naye angeegemea kana kwamba anatazama nilichoandika, akasoma kasoro ni ipi. Kisha anafyonza kwa mlio wake ule ule na kutoa hukumu, na hukumu ilikuwa ya ulimi wangu.

Msidhani ulikuwa mwaka mbaya. Sijawahi kufundishwa vile, kabla wala baada. Kila jioni kabla ya kengele alikuwa akiniita, "Haya, niambie ya leo ilikuwaje." Nikisema nzuri, ananikemea. "Nzuri ni neno la mvivu. Inashika wapi? Mbele ya ulimi au pembeni? Inaondoka haraka au inang'ang'ania?" Nikawa natafuta maneno hadi nayapata. Nilidhani ananifundisha kazi, na kweli alikuwa ananifundisha. Lakini siku moja nilimwelezea chai ya mvua za kwanza, inavyouma kidogo pembeni kisha ikaacha utamu kama wa ndizi mbivu, nikaona amefumba macho na koo linapanda na kushuka. Alikuwa anameza. Alikuwa anaionja chai kupitia mdomo wangu. Usiku ule nililia chumbani kwangu.

Miezi haina subira. Mwaka ukazunguka, mwezi wa tisa ukafika, na barua ya chuo ikaja kunikumbusha tarehe ya kurudi. Nikamwambia, "Tata, mimi naondoka. Tumwambie meneja."

"Atanitoa."

"Na nikishaondoka utafanyaje?"

"Nina rangi, nina viganja. Kabla hujaja niliishi."

"Kabla sijaja ulikuwa na bahati," nikamwambia. Ndilo neno kali pekee nililowahi kumwambia.

Siku ya mwisho Bwana Mhagama aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi. Taarifa yangu ilikuwa mezani, imesainiwa na Mzee Ambokile, sifa tupu.

"Tupokigwe," akasema, "wanafunzi huona mambo ambayo sisi tumeyazoea. Kuna lolote katika kile chumba ninalopaswa kulijua?"

Nilitazama ile saini. Nikasikia mlio wa kijiko kutoka ng'ambo ya korido.

"Hapana, Bwana Meneja. Kila kitu kiko sawa."

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyapata kwa Mama Tabu, ambaye wakati ule alikuwa msichana na alikuwa akisuuza vikombe kama anavyosuuza leo. Wiki ya tano baada ya mimi kuondoka, bomba la draya, ile mashine ya kukaushia majani, lilipasuka, na moshi wa kuni ukawa unaingia kwenye chai. Rangi haikubadilika. Majani kiganjani hayakubadilika. Mzee Ambokile aliipitisha chai ile siku kumi na moja mfululizo, na ikasafirishwa. Ilirudi yote, na pamoja nayo wakaja wanunuzi wawili kuuliza chumba hiki kina kazi gani.

Wakapanga vikombe vitano pale mezani, wakamwambia Mzee ateue kilicho bora. Kimoja kilikuwa cha ile chai ya moshi. Mama Tabu anasema aliisikia harufu akiwa huku kwenye sinki. Mzee akavaa aproni yake, akapita kimoja kimoja, akafyonza kwa mlio wake, akatema. Akarudi kwenye kile cha moshi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipenda rangi yake.

"Hiki," akasema. "Hiki ndicho bora."

Hakuna aliyecheka. Wanunuzi walitazama sakafu. Bwana Mhagama akamwuliza, na Mama Tabu anasema sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "Mzee wangu, mwaka mzima hukukosea kikombe hata kimoja. Ulimi wako umekwenda wapi?"

Mzee Ambokile alikiweka kijiko mezani. Akavua aproni, akaikunja.

"Ule ulimi ulikuwa wa kuazima, Bwana Meneja," akasema. "Umerudi kwao."

Akatoka. Alipita katikati ya kiwanda, mbele ya watu wote, wala hakutaja jina langu, siku ile wala nyingine yoyote. Meneja alidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Nje huko wakasema amehongwa. Wengine wakasema ni pombe, mtu ambaye hata togwa alikuwa hanywi. Lakini Mama Tabu aliyashika yale maneno kama yalivyo. Alikuwa ameziona ishara za kalamu yangu, kumbe, tangu siku za mwanzo. Akawa anayasema kila anapomwona mtu anaegemea asipoweza kuegemea siku zote, na waliomsikia nao wakayabeba, yakaenda mashambani, yakawa methali.

Mimi nilimaliza chuo nikaajiriwa hapa hapa, kwa nguvu ya taarifa ile ile. Siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mhagama nikamweleza yote. Sikutaka kuketi kwenye meza ya Mzee huku watu wanamwita mla rushwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa barua ya makao makuu ya kampuni. Ilikuwa ya mwaka ule ule wa mafunzo yangu. Walitaka mwonjaji mzoefu aachane na kuonja, awe mwalimu wa vijana wa viwanda vyote.

"Walimtaka yeye," akasema. "Nikakataa kumtoa. Niliwaandikia kwamba ulimi wake haukosei, na kiwanda hakiwezi kukaa bila ulimi ule."

Mmeelewa, watoto wangu? Kazi iliyomfaa, isiyohitaji ulimi bali akili yake na maneno yake, ilikuwa imelala kabatini. Na kilichomzuia asiipate ni mimi, na kalamu yangu nyuma ya sikio. Nilidhani namsitiri. Nilikuwa namfungia mlango.

Jumapili nikaenda kwake na pakiti ya chai. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekonda, aproni ya kiwanda imeanikwa kwenye kamba kama nguo ya kazi ya kesho. Alifurahi kuniona, na furaha yake ikaniumiza kuliko kama angenifukuza. Mkewe akatuchemshia ile chai. Mzee akashika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Akaniuliza, "Ya mwaka huu ikoje?"

Nilikuwa nimekwenda kumwambia habari ya barua. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamtazama, nikasema, "Inauma pembeni, Tata. Kisha inaacha utamu, lakini hauondoki haraka kama ule wa mwaka wetu." Akafumba macho, akameza. Sikumwambia ya barua. Hadi leo sijui kama nilimhurumia, au niliendelea tu na uongo ule ule. Masika iliyofuata tulimzika.

Ndiyo sababu humu ndani mdogo huonja kwanza na kusema kwa sauti, mkubwa akisikia. Desturi ya kalamu nimeikomesha mimi.

Sasa wewe, Lusajo, usiiname. Asubuhi nimeshindwa kutofautisha kikombe cha tatu na cha nne, na si mara ya kwanza mwezi huu. Umeliona hilo, ukaninong'oneza, "Mama, mimi nitakuwa nakuonyesha kwa kidole, hakuna atakayejua." Una moyo mzuri, mwanangu. Nami nilikuwa nao. Lakini mwezi wa tisa utapanda basi urudi chuoni, na mdomo wako utakwenda nao.

Mama Tabu, nipe huo mwavuli. Nakwenda ofisini kwa meneja, mvua ikate isikate, nikamwambie kwa kinywa changu kabla hajaambiwa na kikombe. Akitaka nifundishe, nitafundisha. Akitaka nikapumzike, nitapumzika, na nitatoka kwa mlango wa mbele. Ninyi osheni vijiko, na atakayewauliza nimekwenda wapi, mwambieni: ulimi wa kuazima hurudi kwao.