Ndoana Huchaguliwa na Samaki

"Ndoana huchaguliwa na samaki." Ndivyo Bi Maryamu alivyomwambia mwanawe leo asubuhi, kijana alipotaka kufungua duka la viatu vya ngozi katika kijiji ambacho wakubwa kwa wadogo hushinda na ndara. Nyinyi mkacheka, kisha mkanijia mbio kuniuliza samaki ameingiaje katika habari za viatu. Basi kaeni. Msemo huu una mwenyewe na una mahali pake, na mwanzo wake ni huu.

Katika kijiji cha Mtondooni, upande wa Pemba unaotazama bahari kubwa, aliishi mvuvi akiitwa Shaame. Alikuwa mvuvi wa mshipi, na samaki wake alikuwa mmoja tu: chewa, yule mkubwa akaaye mapangoni. Wenzake walivua changu, walitega madema ya tasi, walichokoa pweza. Yeye alikwenda mwamba wa nje na mshipi mnene, chubwi zito la risasi la kuuzamishia, na ndoana kubwa aliyofuliwa marehemu baba yake na mhunzi. Katika ujana wake aliwahi kushusha dikoni, pale ngalawa zinapofikia, chewa aliyebebwa kwa mti, mtu mbele na mtu nyuma. Watu walimwimbia. Tangu siku ile hakutia ndoana nyingine majini.

Wakati ule hakukosea, kwa kuwa chewa walikuwapo. Lakini chewa ni samaki wa nyumbani, hana safari. Ukimtoa pangoni mwake, pango hubaki tupu muda mrefu. Mwaka ukapita, na mwingine, Shaame akawa anarudi na samaki mmoja, halafu nusu ya siku zake anarudi na chambo chake tu. Mkewe, Mize, alikuwa akichungulia ndani ya kikapu na kukifunika tena.

Katika hali hiyo binti yao, Raya, akaposwa. Siku ya kupanga harusi, upande wa mume ulikuja na mjomba wa kijana, Fundi Rubea, mshona nguo mwenye jina lake mjini Wete, mtu wa maneno laini na macho makali. Akauliza kwa adabu kama upande wao ulete ng'ombe.

"Katika nyumba yangu hamleti kitoweo," akasema Shaame. "Wageni watakula chewa, na nitamvua mwenyewe kwa mkono huu."

Nyuma ya pazia Mize aliguna. Shaame alimsikia, akajifanya hakusikia.

Basi akaanza kwenda mwambani kila siku, yeye na shemeji yake Kombo, ndugu mdogo wa Mize, aliyekuwa akimshikia usukani wa ngalawa. Siku zikaenda, kikapu kitupu. Siku moja Kombo akatoa kopo lake, ndani mna ndoana ndogondogo na mshipi mwembamba wa kuviringishwa kwenye kijiti.

"Shemeji, niache nijaribu na hizi. Wako samaki hapa, nawaona wakipita."

"Rudisha kopo lako," akasema Shaame. "Ngalawa hii haivui samaki wa watoto."

Kombo akarudisha. Lakini walipofika diko, watu wakawauliza wamepata nini, na Shaame, kwa uchungu wa kurudi mikono mitupu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Utapata nini ukichukua baharini mtu anayebeba sindano za kushonea kofia?"

Watu wakacheka. Kombo akachukua kopo lake, akaenda zake. Kesho yake hakutokea.

Shaame akaenda peke yake. Alipofika mwambani akatia chambo cha mnofu wa nguru, akashusha, akangoja. Akahisi midonoo midogo kwenye kidole, ile ile ya siku zote, ambayo alizoea kuidharau. Mara mshipi ukakaza. Akavuta, ukakataa. Akajua ameshika jiwe.

Mtu mwingine angekata mshipi. Yeye hakuweza, maana ndoana ile ilikuwa ya baba yake. Akavaa miwani ya kuzamia iliyokaa chini ya ubao wa ngalawa kwa ajili ya kunasua nanga, akavuta pumzi, akashuka kwa kuufuata mshipi.

Chini maji yalikuwa meupe, na kulikuwa na samaki tele. Ndoana ilikuwa imeingia kwenye ufa wa jiwe, mnofu wa nguru umening'inia, na umezungukwa. Changu walikuja mmoja mmoja, wakadonoa ukingoni, wakarudi nyuma. Mmoja alijaribu kuumeza. Chambo kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake, akakitema. Kikande akang'ata pembeni, akaondoka na kipande. Ndoana yenyewe hakuna aliyeigusa, kwa kuwa hapakuwa na kinywa cha kuipokea.

Shaame akapanda kuvuta pumzi, akashuka tena. Safari hii hakuishughulikia ndoana. Alishika jiwe, akatazama. Kutoka pangoni akachomoza chewa, si mkubwa, chewa kijana. Akakisogelea chambo mpaka karibu kabisa. Kisha akaugusa ule mshipi mnene kwa mdomo, akasimama kidogo, akarudi kinyumenyume ndani ya pango lake kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

Shaame alibaki pale mpaka kifua kikamuuma. Alipokwisha kuinasua ndoana na kujitupa ndani ya ngalawa, alikaa muda mrefu maji yakimchuruzika. Maisha yake yote alikuwa akiujua mwamba kwa kidole tu. Kila mdonoo alioudharau ulikuwa samaki. Alikuwa akizungukwa nao siku zote, na nyumbani kwake kikapu kinafunikwa.

Alasiri ile ile akaenda kwa Kombo. Alimkuta uani akisuka dema.

"Hodi."

"Karibu, shemeji," akasema Kombo, lakini hakuinua macho.

"Nimekuja kukutaka radhi. Tena nimekuja kukuomba ndoana."

"Za kushonea kofia?"

Shaame alilimeza hilo. "Nilisema vibaya, tena nilisema mbele ya watu. Nitakutaka radhi mbele ya watu wale wale. Leo nimezama, Kombo. Nimewaona. Nimeona pia kwamba ndoana yangu hawana haja nayo."

Kombo aliendelea na dema lake kidogo, kisha akaliweka chini. Akaenda ndani, akarudi na kopo, lakini hakulifungua.

"Unamtaka nani?" akauliza.

"Sijakufahamu."

"Kwanza nijue unamtaka nani, ndipo nijue nikupe nini. Tasi anapenda mwani, huyo tumwachie dema. Kikande ana meno, mshipi mwembamba ataukata, lazima tuufunge waya karibu na ndoana. Changu ana mdomo mdogo, lakini mlafi. Mpe kipande cha ngisi kama ukucha wako, chubwi dogo likae chini kabisa na ndoana juu yake, isiguse mawe. Haya, unamtaka nani?"

Jibu la chewa lilikuwa kwenye ulimi. Lilikuwa hapo tangu ujana wake. Shaame akalirudisha.

"Namtaka yule aliyepo," akasema. "Namtaka changu."

Ndipo Kombo akalifungua kopo.

Wakaenda pamoja. Msidhani ilikuwa rahisi. Mikono ya Shaame ilizoea kupigana; alipohisi samaki alivuta kwa nguvu zote, akapandisha ndoana ina ngozi ya mdomo tu, samaki kabaki chini.

"Taratibu, shemeji," Kombo akamwambia. "Hung'oi muhogo."

Akajifunza kungoja mdonoo wa kwanza upite, wa pili upite, kisha kuinua kifundo cha mkono tu. Changu wa kwanza alipoingia ngalawani, mwekundu, akipigapiga ubao, Shaame alimtazama kama hajapata kuona samaki. Waliendelea mpaka kuamkia siku ya harusi, na Mize aliwapokea dikoni na vikapu viwili, hana kifuniko mkononi.

Siku ya harusi ukapakuliwa wali wa nazi, na juu yake changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili. Watu wakanawa. Fundi Rubea akaitazama sinia, akamtazama mwenye nyumba, akatabasamu.

"Mzee Shaame, samaki ni wazuri, mashallah. Ila mimi nilikuja na hamu ya chewa."

Shaame angeweza kusema bahari ilichafuka, na hakuna ambaye angembishia. Mize alikuwa mlangoni, amemkazia macho.

"Chewa nilimwahidi kwa kiburi, fundi," akasema. "Miaka yote nimekuwa nikishusha ndoana ya sifa zangu, nikikasirika kwa nini haiguswi. Shemeji yangu huyu aliponipa ushauri, nilimtukana mbele ya watu. Na leo mbele ya watu namtaka radhi. Nimezama mwenyewe nikaona. Ndoana mimi naishika tu. Ndoana huchaguliwa na samaki."

Kombo aliinamisha kichwa. Fundi Rubea hakucheka. Aliyafikiri maneno yale, kisha akanyoosha mkono, akachukua changu mwingine.

Ni yeye aliyeyachukua maneno hayo mpaka Wete. Mwanafunzi wake akishona nguo anayoipenda yeye badala ya ile inayomkaa mteja, Rubea alikuwa akimwambia hivyo hivyo, na wateja wakayasikia, wakaondoka nayo majumbani mwao.

Shaame mwenyewe alivua miaka mingi baadaye, changu, kikande, na mara moja moja chewa, kwa chambo cha mbono, kisamaki kilicho hai, na mshipi usioonekana. Watu wakimuuliza dikoni, "Leo umechukua ndoana gani?" alikuwa akijibu, "Sijui bado, wenye kujua wako chini." Kisha aliisukuma ngalawa yake majini, na aliyemsikiliza vizuri alimsikia akimalizia mwenyewe: ndoana huchaguliwa na samaki.