Shangazi wa Kwenye Dashibodi

Ngoja ngoja huumiza matumbo: anayelisukuma jambo mbele kila siku, siku moja jambo hilo humrudia likiwa limevimba.

Dereva teksi mmoja alikuwa na kifaa cha ramani kilichomwelekeza njia kwa sauti. Dukani alionyeshwa vingine vinavyojisasisha vyenyewe, akavikataa. Alikipenda hiki kwa sauti yake nyororo, akakibandika kwenye dashibodi na kukiita Shangazi. Kila kilipoomba ramani isasishwe, alibonyeza "Baadaye", kwa hofu kwamba ramani mpya ingekuja na sauti mpya. Mkewe, fundi cherehani, alimkumbusha hadi ulimi ukaota sugu, akaambulia jibu lile lile: kesho.

Ndipo fundi akapata kazi ya kushona gauni la bibi harusi, la kwanza tangu afungue kibanda chake. Siku ya harusi, bibi harusi alikuwa akilisubiri saluni, ng'ambo ya mji. Fundi akalipakata kama kichanga kwenye kiti cha nyuma cha teksi ya mumewe.

Shangazi akawaingiza kwenye barabara iliyokwisha kufa. Mbele palisimama ukuta mpya wa kiwanda. "Endelea moja kwa moja," akasema kwa utulivu. Fundi akasihi wamuulize mlinzi wa lango. Dereva akagoma, akidai Shangazi hajawahi kumdanganya. Wakazunguka, wakarudishwa kwenye ukuta ule ule. Hasira ikampanda fundi kama maziwa jikoni.

"Baba watoto, huyo shangazi yako anayepita ukutani ni jini."

Akashuka mwenyewe, akamuuliza mlinzi, naye akawaonyesha barabara mpya kwa kidole kimoja tu.

Walipofika, saluni ilikuwa tupu. Msusi, aliyekuwa akifagia, akawaambia kuwa bibi harusi ameondoka akilia, amevaa gauni la kuazima la dada yake. Kisha akamkazia fundi macho. "Na ameapa hakuna bibi harusi wa mji huu atakayekanyaga kibandani kwako."

Fundi aliporudi garini, dereva alikuwa ameshatangulia, amenyoosha kidole kwenye kioo cha Shangazi. "Mke wangu, nasasisha sasa hivi."

"Sasisha," alisema fundi bila kupandisha sauti. "Na akikuuliza unaelekea wapi, mwambie hujui, maana kwangu leo hufiki."

Akaubamiza mlango, akaondoka kwa miguu, gauni begani. Kweli ngoja ngoja huumiza matumbo: aliyengoja alikuwa mmoja, matumbo yaliyoumia yalikuwa mengi.