Uduvi wa Mwisho wa Luhombelo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina shauri lililonishinda kulikata, na kila ninayempelekea hunirudishia mwenyewe. Leo nawawekea ninyi hapa katikati.

Walikuwako wasichana watatu, wanachuo wa ualimu, waliopangiwa chumba kimoja katika bweni la chuo kilichoko nyanda za juu, kule ambako mwezi wa Juni ukifungua mdomo unatoa moshi. Kila mmoja alikuwa na lake alilojaliwa. Sikudhani, aliyetoka kusini, alijaliwa macho. Sindano ikianguka kwenye majani, yeye ndiye aliyeitwa kuitafuta. Tusajigwe, mtu wa Kyela, alijaliwa mikono. Pasi ikifa, kitasa kikigoma, mwavuli ukivunjika mbavu, walimletea kitandani kwake na kesho yake wakaja kuchukua kitu kizima. Nyamizi, wa Tabora, alijaliwa ulimi. Akinywa chai ya bwenini alijua kama wapishi wamechota maji bombani au mtoni, na kama sufuria ilioshwa vizuri au ilisuuzwa tu.

Sasa, nyumbani kwa Sikudhani palikuwa na chemchemi ya maji ya uvuguvugu iitwayo Luhombelo. Kina mama wa pale walikuwa wakiogeshea humo watoto wachanga, na walipokaa kwenye ukingo, uduvi wadogo wadogo, weupe kama kioo, walikuja kuwatekenya miguu. Sikudhani mwenyewe aliogeshwa humo. Alipokwenda likizo akakuta barabara mpya inachongwa, na malori yanamwaga kifusi juu ya chemchemi. Alimwendea msimamizi wa kazi, naye msimamizi akamsikiliza kwa adabu kabisa, kisha akamwambia kwamba barabara imeshapimwa na haiwezi kupinda.

Pembeni ya kifusi kilisalia kidimbwi cha maji, upana wake kama beseni la kufulia. Watu walikwisha kuchungulia wakasema hamna kitu. Sikudhani alipiga magoti, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa maji, akatazama muda mrefu. Hakuona uduvi, maana mwili wao hauonekani. Aliona vidoa vyeusi vidogo vinatembea viwili viwili. Yalikuwa macho yao. Akavua kanga, akawachota kwa pindo, akawatia katika ndoo yenye kifuniko, na safari nzima ya kurudi chuoni alikaa na ndoo ile mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Alipofika chumbani alifungua kifuniko mbele ya wenzake. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

"Kwetu hawako tena," akawaambia. "Hawa ndio wote."

Bweni lilikataza kufuga kiumbe chochote, na matroni, Bi Skolastika, alikuwa akikagua vyumba. Wenzake walilijua hilo. Hakuna aliyelitaja.

Tusajigwe ndiye aliyeanza. Aliokota vioo vya madirisha yaliyovunjika nyuma ya bwalo, akavikata, akaviunganisha kwa gundi ya mafundi vioo, likawa tangi. Aliomba mpira wa dripu uliokwisha kutumika zahanati, akautundika kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu ya kabati, maji yakawa yanadondoka tone kwa tone ndani ya tangi, yakiingiza hewa. Lakini uduvi wa maji ya uvuguvugu watakaaje kwenye baridi ile? Akajaza chupa maji ya moto, akazipanga kuzunguka tangi, akalifunika lote kwa blanketi lake, hata matroni akipita aone rundo la matandiko tu. Hakuwa na jingine. Msimu mzima wa baridi alilala na koti na soksi, akiamka kubadilisha chupa zilizopoa. Wenzake walimsihi walale kwa zamu chini ya mablanketi yao. Alikuwa akikubali kwa mdomo, kisha akijibanza ukutani peke yake ili asiwaamshe kila anapoinuka. Kifua kikaanza kumbana. Kilianza kama mafua, kikashuka, kikakaa humo humo.

Uduvi wakaacha kufa. Ila hawakuzaa. Walikaa tu kwenye kipande cha sponji alichowawekea Tusajigwe, wakisugua miguu yao, mmoja mmoja akizeeka na kupotea, na wasichana wakaona kwamba joto peke yake halitoshi.

Hapo ndipo Nyamizi alipomwomba Sikudhani tone la maji yaliyobaki ndani ya ile ndoo ya safari. Aliyaweka ulimini, akafumba macho. Akasema yana ladha ya chaki, na nyuma ya chaki kuna kitu kama msumari. Basi akaanza kuzunguka na chupa. Alionja maji ya bomba, ya kisima cha misheni, ya mto, ya kila kijito alichoelekezwa. Watu walimwona kwenye mitaro wakadhani ana matatizo. Mwishowe, juu kabisa ya machimbo ya chokaa, alikuta maji yanayochuruzika kwenye mwamba, akayaonja, akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa akipanda kila wiki na dumu, akirudi mabega yamechubuka.

Haukupita muda, Sikudhani akaona chini ya mkia wa uduvi mmoja kitu kama punje za ulezi. Kisha mwingine. Kisha kukaonekana ndani ya tangi vumbi linalotembea. Walikuwa watoto. Wasichana wale walikaa sakafuni wakilitazama lile vumbi, na Tusajigwe, aliyekuwa akikohoa, alicheka mpaka akashindwa kupumua.

Kama hadithi ingeishia hapo nisingewaita.

Kipindi cha mitihani likatoka tangazo kwamba bweni zima litapigwa dawa ya kunguni. Kila mtu atoe nguo na vyombo vyake nje, vyumba viachwe wazi. Tangi likitolewa nje lingeonekana na kila mtu, basi wale watatu walikaa wakashauriana. Sikudhani alitaka waende kwa matroni wakamweleze ukweli. Nyamizi aliogopa kwamba watafukuzwa kabla ya kumaliza mitihani na tangi litamwagwa vilevile. Tusajigwe akasema anaweza kulifunga kwa nailoni isipite hata pumzi, na alikuwa hajawahi kufunga kitu kikafunguka. Wakakubaliana na Tusajigwe. Wote watatu walikubali, hilo mlishike.

Akalifunga, wakalisukuma chini ya kitanda, wakaenda kwenye chumba cha mtihani.

Waliporudi, nailoni ilikuwa palepale, imekaza. Ndani ya tangi uduvi walikuwa wamegeuka rangi ya waridi, kama waliopikwa, wamelala chini matabaka kwa matabaka. Dawa ilipita, sijui ilipita wapi. Nyamizi alikaa kitandani akajifunika uso. Tusajigwe alirudia kusema, "Nilifunga. Nilifunga mimi."

Sikudhani alisogea kwenye tangi. Alilala kifudifudi mbele ya kioo, katika chumba ambacho harufu ya dawa ilikuwa bado inachoma macho, akapekua wale maiti mmoja mmoja kwa kutazama. Kwenye tundu la sponji akaona vidoa viwili vyeusi vimesogea. Jike, mmoja. Tusajigwe aliingiza mkono, akamtoa kwa kijiko bila kumgusa. Lakini amtie wapi? Ndoo zote za bwenini zilikuwa zimeshinda wazi huku dawa ikipulizwa. Nyamizi akainuka. Alikwenda ukumbini, akaonja ndoo moja baada ya nyingine, akitema, akiendelea, midomo imeanza kumfa ganzi, mpaka kwenye mtungi uliokuwa jikoni kwa wapishi, akasema haya ni salama. Akasema kwa shida, ulimi umevimba. Yule uduvi akatiwa humo, akaishi. Nyamizi alilazwa zahanati akapona. Ulimi wake ndio haukupona. Hadi leo chumvi na sukari kwake ni kitu kimoja.

Kwa purukushani ile Bi Skolastika alifika mlangoni, akaliona tangi. Akauliza ni la nani. Wenzake hawajafungua mdomo, Sikudhani akajibu kwamba ni lake peke yake, na kwamba hawa wawili walikuwa wakimkataza. Akatolewa bwenini siku hiyohiyo, akazuiwa kufanya mitihani iliyosalia. Mwaka wake ukapotea. Wenzake walitaka kwenda kusema kweli, akawaapisha wasiende.

Yule uduvi walimpeleka kwa Mwalimu Kihwele, aliyewafundisha biolojia, akamweka nyumbani kwake. Ni mtu mpole. Alisafiri mwenyewe hadi Luhombelo akitafuta hata mmoja mwingine, dume au jike. Aliikuta lami, tena imekwisha kuchorwa mistari. Aliuliza kwa watu waliosoma zaidi yake, hakuna aliyewahi kumwona uduvi wa namna ile mahali pengine. Mayai aliyokuwa nayo yule jike yaligeuka meupe yakadondoka.

Chuo kilipofungwa, wasichana watatu walikutana sebuleni kwa mwalimu. Uduvi alikuwa mezani, ndani ya chupa ya kioo, akisugua miguu yake. Mwalimu akawaambia asichoweza kuwaficha.

"Huyu hatazaa tena. Ana miezi michache, akitunzwa vizuri. Baada yake hakuna. Na ninyi mnaondoka kwa njia tatu. Mmoja wenu atakwenda naye, amtunze mpaka mwisho wake."

Watatu wakasogea mezani. Hawakuwahi kugombana chumbani mwao, hata kwa sabuni. Lakini pale hapakuwa na kingine kilichosalia katika yote waliyoyafanya, na kila mmoja alimtaka.

Sikudhani alisema kwa sauti ya chini, "Nilimwona wakati watu wote walisema hayupo. Nilimwona mara mbili. Mwaka wangu umekwenda kwa ajili yake. Huyu ni wa kwetu, naomba afie mbele ya mtu wa kwetu."

Tusajigwe alingoja kikohozi kitulie. "Wewe ulituletea ndoo ya maiti," akamwambia, na alipoona uso wa mwenzake akajuta, lakini neno lilikwisha kutoka. "Waliishi kwa joto langu. Daktari ameniambia hiki kifua ndicho nitakachozeeka nacho, kama nitazeeka. Na nailoni niliifunga mimi. Nataka nimfanyie mmoja kazi isiyoharibika."

Nyamizi alisema, "Nyote mliwazuia wasife. Hakuna aliyewafanya wazae ila yale maji. Mimi sasa maji yote mdomoni mwangu ni mamoja. Ladha ya mwisho niliyoijua ni ile ya mtungi tuliomtilia yeye. Nikikaa naye, labda nitakumbuka."

Wakamgeukia mwalimu awaamulie. Mwalimu Kihwele alisema alikwisha kulifikiria jambo hili tangu walipomletea chupa, na kila alipompa mmoja moyoni mwake aliwaona wale wawili wamesimama mlangoni. Akaiinua chupa kwa mikono miwili. Mikono mitatu ikanyooshwa kuipokea, na yeye akabaki ameishika, hajui aielekeze wapi.

Mimi nimeishia hapo alipoishia aliyenisimulia. Aliyeona, aliyetia joto, au aliyejua maji? Msiniangalie mimi, sina jibu. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe uliyejiinamia hapo, semeni: chupa ile ingekuwa mikononi mwenu, mngempa nani?