Shilingi Isiyo na Mwaka

Usichokijua usikisugue. Limi amemtupia kaka yake maneno hayo sasa hivi, baada ya Kaseko kuichokonoa redio ya watu kwa kisu cha jikoni, na ninyi wengine mmecheka kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka nyumbani kwetu, wajukuu zangu. Nitawaeleza yalivyoanza, ila msitarajie sungura wala mfalme.

Nilikuwa na miaka kumi. Jicho langu la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia lilikuwa linaanza kulifuata. Daktari wetu hapa Tabora alimwambia mama kwamba hilo moja lingeweza kuokolewa Dar es Salaam, lakini kabla ya mvua kuanza. Baada ya hapo asijisumbue. Mama yangu, Nyanzala, alikuwa mjane anayeuza uji na vitumbua stesheni. Vitumbua havimfikishi mtu kwa daktari bingwa.

Siku moja abiria alimlipa shilingi isiyo na mwaka. Picha ilikuwepo, maandishi yalikuwepo, ila pale penye tarakimu za mwaka palikuwa patupu. Mkuu wa stesheni, Bwana Mapalala, aliitazama akasema huenda ni kosa la kiwanda, na makosa ya namna hiyo yana watu wanaoyatafuta kwa udi na uvumba. Akamwandikia rafiki yake wa Moshi, Bwana Lyatuu, mkusanyaji wa sarafu. Jibu likaja kwamba atafika Alhamisi kuipima, na ikithibitika kuwa kosa ni la kiwanda chenyewe, bei yake itatosha nauli, daktari na kitanda cha hospitali. Mama aliomba asomewe barua ile mara tatu.

Sasa, mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Kitu hakikutoka nyumbani kikiwa kichafu. Ukiazima sufuria ya jirani, uirudishe inang'aa kuliko ulivyoichukua, la sivyo utasemwa kisimani mpaka uhame. Na kwa kusugua hakuna aliyemfikia mama. Masufuria yake ungeweza kujitazamia meno.

Shilingi ile ilikuwa imepiga weusi kwa mikono ya watu, na mgeni alikuwa anatoka mbali. Jumatano mama akasema hawezi kumkabidhi mtu mzima kitu chenye uchafu namna ile. Majivu niliyachekecha mimi. Mchanga laini niliuleta mimi, na limau nikalikata mimi. Mama alisugua tangu alasiri mpaka jua likazama, huku akiimba. Sikumsikia akiimba tena.

Bwana Lyatuu alikuwa mzee mpole, mwenye mikono isiyo na haraka. Aliiweka shilingi kwenye mizani yake ndogo, akaridhika na uzito. Kisha akatoa kioo cha kukuzia, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu mno, hadi Bwana Mapalala akaacha kutabasamu.

"Mama, nani ameisafisha?"

"Ni mimi, baba. Ningekupaje kitu kichafu?"

Akamwita asogee, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu pale palipokosekana mwaka. Akamweleza kwamba matapeli huzikwangua tarakimu ili waseme ni kosa la kiwanda. Kilichokwanguliwa huacha mikwaruzo. Kilichotoka kiwandani bila mwaka huwa na ngozi yake nzima.

"Na hapa ipo mikwaruzo?" mama akauliza.

"Ipo kila mahali."

"Hiyo ni yangu, baba. Ni ya jana."

"Nakuamini. Lakini chini ya kioo mkono wako na mkono wa tapeli ni mamoja."

"Kwa hiyo si ya kweli?"

"Sijui, mama. Ungeniletea juzi ningejua. Sasa hakuna atakayejua."

Mama alitaka kuapa. Bwana Mapalala naye akasema yuko tayari kushuhudia kwamba tarakimu hazikuwepo tangu awali. Bwana Lyatuu akatikisa kichwa. Huenda zilikwanguliwa kabla haijafika stesheni, alisema, na fedha si yake, ni ya watu wanaomtuma, nao hawanunui kiapo. Alituachia pesa yake ya chakula cha njiani. Alipokuwa akiagana nasi hakuweza kunitazama.

Mvua zilianza Novemba. Jicho lilizimika taratibu, kwanza rangi, halafu sura za watu, halafu mlango na dirisha. Majirani walikuja kumpa mama pole, wakimwambia ni kudra ya Mungu. Yeye alikataa kumsingizia Mungu. Alimjibu kila mmoja kwa maneno yale yale, na wao wakaondoka nayo, wakayasema kisimani, wakawafundisha watoto wao, mpaka leo Limi anamcheka nayo kaka yake.

Mimi sijawahi kuyacheka. Sikumlaumu mama, nilimwambia hivyo mara nyingi, lakini alikufa bila kuniamini. Kitu cha mwisho ninachokumbuka kukiona vizuri ni shilingi ile jioni ya Jumatano, ikimeremeta kiganjani mwake, na uso wake ukiwa umejaa furaha. Usichokijua usikisugue.